Kishikwambi chenye Kibodi: Je, Chatosha Mahali pa Kipakatalishi?

Binti anapopata barua ya kuitwa chuoni, iwe ni Garissa au Pwani kule Kilifi, jambo linalohesabiwa nyumbani baada ya karo ni kompyuta. Hapa Chewele hesabu hiyo hufanywa kwa mbuzi, kwa mahindi ya skimu ya Bura, au kwa maembe msimu ukikubali. Kipakatalishi kipya kilicho imara ni ghali. Kishikwambi, ambacho wengi wetu twakiita tableti, pamoja na jalada lake lenye kibodi, mara nyingi hupatikana kwa fedha chache zaidi. Ndipo akina mama wanapouliza: hicho kidogo kitamfikisha mtoto? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa anayekosea hapa hana mbuzi wengine wa kuuza kesho.

Serikali yetu yenyewe imelipitia swali hili. Katika kampeni za mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa vipakatalishi. Mradi ulipofika shuleni mwaka 2016, walicholetewa wanafunzi kilikuwa vishikwambi. Kisha ikaja sensa ya Agosti 2019, ya kwanza nchini kufanywa bila madodoso ya karatasi, na karani aliyeketi mkekani petu alikuwa na kishikwambi mkononi. Kwa hiyo chombo hiki si kigeni kwetu. Lakini tuangalie vizuri: karani wa sensa alipewa kazi moja tu, kuuliza na kujaza jibu. Hakuandika tasnifu ya kurasa 80. Hapo ndipo jalada lenye kibodi linapoingia.

Majalada haya yalianza kujulikana sana Microsoft ilipotoa Surface mwaka 2012, na Apple ikafuata na lake la iPad Pro mwaka 2015. Leo yako ya aina mbili kuu. Moja hushikana na kishikwambi kwa sumaku na vishikizo vidogo vya chuma, nayo hunyonya umeme kutoka kwenye kishikwambi chenyewe. Ya pili huunganishwa bila waya kwa Bluetooth, nayo ina betri yake ya kuchaji kando. Ya kwanza haina usumbufu, ila hukubali modeli yake tu. Kishikwambi kikivunjika, jalada nalo limekufa. Ya pili ni rahisi kwa bei na huweza kuhamia kwenye chombo kingine, hata kwenye simu. Kwa nyumba zetu sisi twaipendelea hii ya pili.

Liko jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Kipakatalishi hukaa pajani, jalada halikai. Kishikwambi husimama kwa kiegemeo chembamba mgongoni, na ukikiweka mapajani ukiwa umeketi kitandani au mkekani, huanguka kinyumenyume. Chataka mahali pagumu: kimeza kifupi, ubao, au kigoda kipana. (Marfaa ya Msahafu si mahali pake, hata kama kimo chake chavutia.)

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo kishikwambi kinapopata ushindi wake wa kweli. Nyumba nyingi zilizo mbali na nguzo hutegemea sola ndogo ya taa na simu. Kipakatalishi cha kawaida hutaka chaja ya wati 45 hadi 65, na sola ya namna hiyo haiwezi kukibeba. Kishikwambi huchajiwa kwa waya uleule wa simu, na wati 10 humtosha. Betri yake huwa na nguvu ya takriban saa-wati 30. Paneli ya wati 20 ikipata saa tano za jua kali, hata ukitoa kinachopotea njiani, yaweza kuijaza na bado simu ya mama ikapata kitu. Pawabenki ya 10,000 nayo hukirudishia sehemu kubwa ya betri. Kwa mwalimu wa kijijini anayeandaa somo baada ya Isha, tofauti hii ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika usiku huo au itangoja hadi afike Bura mjini.

Joto ni mtihani mwingine. Kishikwambi hakina feni, basi vumbi letu halina pa kuingilia, na hilo ni heri. Lakini kwa kuwa hakina feni, joto lake nalo halina pa kutokea upesi. Apple, kwa mfano, hushauri vyombo vyake vitumiwe mahali pasipozidi nyuzi 35, na sisi twajua adhuhuri ya huku ikoje. Kikizidiwa hupunguza mwanga wa kioo, huwa kizito, na mwishowe hujizima. Kisichajiwe kikiwa juani karibu na paneli. Waya uingizwe ndani, chombo kikae kivulini. Wala kisitiwe kwenye jokofu ili kipoe, maana unyevu huingia ndani.

Kazi gani basi hufanyika juu yake bila shida? Mwalimu hupakia alama za wanafunzi kwenye tovuti ya KNEC na hujaza tathmini yake ya TSC. Katibu wa chama huandika kumbukumbu na kuweka hesabu ya michango. Mwanafunzi huandika insha, husoma vitabu, huhudhuria mhadhara kwa video. Ustadha wa madrasa hubadilisha kibodi kuwa ya Kiarabu kwa kubonyeza mara moja, na kibodi ya kiooni humpa fat'ha, kasra na dhamma akibana kidole kidogo, kazi ambayo kwa kibodi za kawaida za kompyuta huwasumbua wengi.

Na iko faida ambayo twaiona kubwa kuliko zote hizo. Mwanamke asiye na chombo chake huenda saiba. Huko huacha nakala ya kitambulisho, humtajia kijana wa kaunta nywila ya eCitizen au ya mkopo wa HELB, na wakati mwingine akaunti yake hubaki wazi kwenye mashine ya watu. Kazi hiyohiyo ikifanywa nyumbani, siri yake hubaki kwake.

Lakini tusidanganyane. Zipo kazi ambazo kishikwambi hazikiwezi. Programu za takwimu kama SPSS, za uchoraji wa majengo kama AutoCAD kwa ukamilifu wake, na masomo mengi ya uandishi wa programu za kompyuta yataka kompyuta hasa. Jedwali la Excel lenye makro halifanyi kazi kwenye Excel ya kishikwambi. Binti anayekwenda kusomea uhandisi, sayansi ya kompyuta au takwimu anunuliwe kipakatalishi, hata kama ni kilichotumika, na mbuzi wa pili auzwe. Anayesomea ualimu wa chekechea, dini, lugha au maendeleo ya jamii, kishikwambi chaweza kumtosha. Kabla ya kulipa, idara iulizwe ni programu zipi zitatumika mpaka mwaka wa mwisho.

Hata Word ina kanuni yake: Microsoft huruhusu kuhariri bure kwenye vioo visivyozidi inchi 10.1, na kikizidi hapo hudai malipo ya usajili. Anayetumia Google Docs aweke mapema ruhusa ya kufanya kazi bila intaneti, la sivyo bando likiisha kazi nayo husimama.

Dukani, vishikwambi vya rangirangi vya watoto viepukwe kwa kazi ya chuo. Tazama kumbukumbu ya kazi, RAM, isipungue GB 4, na jalada lijaribiwe palepale, kila herufi. Wanaonunua kwa kulipa kidogo kidogo wajumlishe malipo yote kwanza, kisha wayalinganishe na bei ya taslimu. Bei ya mkopo iliyokubaliwa tangu mwanzo ni jambo moja. Nyongeza inayozaliwa na kuchelewa ni jambo jingine, na kabla ya kutia saini ni vyema sheikh wa mtaa aonyeshwe karatasi hiyo.

Chombo kikitumiwa na watu kadhaa nyumbani, vishikwambi vingi vya Android hukubali kila mmoja awe na akaunti yake, ili picha za mama zisichanganyike na michezo ya mtoto. iPad haina mpangilio huo kwa matumizi ya nyumbani.

Na kwa kuwa Mto Tana ulifurika mwishoni mwa 2023 na ukarudia 2024, kazi ya chuo isikae mahali pamoja. Nakala moja iwe kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nyingine kwenye hifadhi ya intaneti, na nywila yake iandikwe kwenye daftari linalobebwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa.