Nani Amedumu Zaidi? Rekodi za Sumu za Mashambani, Tukianzia Katavi

Mkoa wa Katavi una rekodi isiyotajwa kwenye vipeperushi vya utalii. Vipeperushi husifu viboko wanaosongamana kwenye madimbwi ya mto Katuma wakati wa kiangazi. Havisemi kwamba mbuga za Iku na Katavi, pamoja na bonde la Rukwa, ni miongoni mwa maeneo machache barani ambako nzige wekundu huzaliana hadi kuwa makundi ya kuhama. Wimbi lililoanza karibu mwaka 1930 lilikuja kukoma 1944, likiwa limepita sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kupambana nao, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Hivyo ndivyo sumu za viwandani zilivyofika kwenye nyanda hizi, nyingine zikimwagwa kwa ndege, wakati bomba la mgongoni lilikuwa bado si kifaa cha kawaida kwa mkulima wa Mpanda.

Miongoni mwa silaha za vita vya nzige Afrika ilikuwa dieldrini, nayo ilipendwa kwa sababu ileile iliyokuja kuifanya ipigwe marufuku: haiishi upesi. Lakini kwa kudumu ardhini mmoja wa mabingwa wa dunia ni klodekoni. Ilitumiwa kwenye migomba ya Martinique na Guadeloupe kuanzia 1972 hadi 1993, na wataalamu wanakadiria kuwa baadhi ya udongo wa huko utabaki nayo kwa karne kadhaa. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wanayo damuni. DDT, tunayoisikia kila siku, iko nyuma sana: nusu yake hupotea udongoni katika miaka 2 hadi 15. Nusu, si yote. Na inapovunjika huacha DDE, ambayo nayo ni king'ang'anizi.

Rekodi ya kusikitisha zaidi nyumbani si ya Katavi, ni ya Vikuge, Kibaha. Katikati ya miaka ya 1980 ilipelekwa pale shehena ya viuatilifu vya msaada, vikawekwa kwenye banda ambalo baadaye lilibomoka. Shehena ikaja kuondolewa. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2004, yaani baada ya usafi huo, walikuta udongo wa juu ambao zaidi ya robo ya uzito wake ilikuwa DDT. Kwa maoni yangu huo haukuwa tena udongo wenye masalia. Ilikuwa sumu iliyochanganyika na mchanga. Na haikutokana na mkulima yeyote kuzidisha kipimo. Ilitokana na msaada uliowekwa kwenye banda lililobomoka.

Kwa kusafiri mbali, inatajwa DDT tena. Joto huipeperusha hewani, baridi huishusha. Katikati ya miaka ya 1960 ilikutwa kwenye miili ya penguini wa Antaktika, ambako hakuna shamba wala mbu.

Katavi ina sababu yake ya kuwa na wasiwasi, nayo ni ramani. Maji ya Katuma hupita kwenye mashamba ya mpunga, yakaingia hifadhini, kisha kwa njia ya mto Kavuu yakaishia ziwa Rukwa. Rukwa haina mto wa kutoka. Maji hupanda angani kama mvuke. Kilichokuja nayo na kisichooza hubaki. Upande wa magharibi, wakazi wa Karema na Ikola wanatazama Tanganyika, ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani, ambalo maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Huko kaskazini, upande wa Burundi, masalia ya DDT yalikwisha kupimwa kwenye samaki tangu miaka ya 1970. Ukitafuta sumu za aina hii majini unaweza usione kitu, kwa sababu DDT karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Hukaa kwenye tope na kwenye mafuta ya samaki.

Rekodi nzuri ipo pia, na ni ya hapahapa. Mwaka 2009 nzige wekundu walipochipuka tena Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi, takriban hekta 10,000 zilipuliziwa Green Muscle, kuvu anayeua nzige bila kudhuru viumbe wengine wengi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilisema ni mara ya kwanza kiuatilifu cha kibiolojia kutumika kwa kiwango kikubwa hivyo dhidi ya nzige Afrika. Kuvu huyo ni mvivu: huchukua wiki moja hadi tatu kuua. Nzige walidhibitiwa.

Orodha ya sumu zilizofungiwa bado inarefuka. Endosulfani, waliyoizoea wakulima wa pamba, iliingia mwaka 2011 katika Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti sumu zisizooza upesi. Klopirifosi ilifuata mwaka 2025. Kwa hiyo, mkulima wa Mpanda, ukienda duka la pembejeo ulizia kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna nyanya zako. Bomba usilioshee Katuma. Na chupa tupu ya dawa, tafadhali, isirudi nyumbani kuwekewa mafuta ya taa au maziwa.