Ukishasaini mkopo, riba inaweza kupandishwa?

GATUMBA, Bujumbura. Mfanyabiashara anayevuka mpaka huu asubuhi kwenda Kavimvira na Uvira ana hesabu nyingi kichwani: nauli, ushuru, bei ya kubadilisha faranga za Burundi kwa faranga za Kongo au dola. Hesabu moja huwa haigusi tena, kwa sababu anadhani ilikwisha siku aliposaini: riba ya mkopo aliochukua kununulia mzigo.

Tuchukue mfano. Mama anayeuza vitenge amekopa faranga milioni 5 za Burundi kwa mwaka mmoja, kwa riba ya asilimia 18, alipe zote mwisho wa mwaka. Riba yake ni faranga 900,000. Mwezi wa nne anapata ujumbe kwenye simu: riba sasa ni asilimia 24. Akitozwa kiwango hicho kwa mwaka mzima, riba inafika faranga 1,200,000. Zimeongezeka faranga 300,000, na vitenge alikwisha kuvipangia bei na kuwapa wateja wake wa Uvira. Yeye hawezi kuwarudia wateja hao na kuwaambia kitenge cha juzi kimepanda bei leo. Je, aliyemkopesha anaweza?

Sheria moja, pande mbili za mpaka

Hapa Gatumba jibu linaanzia kwenye sheria ya zamani sana. Tarehe 30 Julai 1888 Dola Huru ya Kongo ilitoa amri kuhusu mikataba na madeni. Wabelgiji waliipeleka baadaye hata Ruanda-Urundi, na ndiyo sababu Burundi na Kongo zimerithi maneno yaleyale katika Kitabu cha Tatu cha sheria ya madai. Kifungu cha 33 kinasema, kwa maana yake, kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Hayavunjwi ila kwa ridhaa ya pande zote mbili au kwa sababu inayokubaliwa na sheria. Na lazima yatekelezwe kwa nia njema.

Kwa hiyo mama wa vitenge ana pa kusimama. Kama mkataba unasema asilimia 18 na hauna neno jingine, ujumbe wa simu hautoshi kuubadilisha. Ridhaa yake inahitajika.

Lakini mtego uko kwenye maneno “hauna neno jingine.” Mikataba mingi ina mstari mdogo unaompa mkopeshaji ruhusa ya kubadilisha riba au gharama. Ukisaini mstari huo, mkopeshaji atasema ridhaa ulikwisha kuitoa. Na mkataba ulioandikwa kwa Kifaransa, ukasainiwa na mtu anayesoma Kirundi na Kiswahili, huficha mstari huo vizuri zaidi.

Kenya: mstari wa mkataba hautoshi

Kwa anayekopa Nairobi, hali ni tofauti. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mabenki ya Kenya kinakataza benki kupandisha viwango vya tozo zake bila kibali cha waziri anayehusika na fedha. Kwa miaka mingi mabishano yalikuwa kama riba nayo ni tozo. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ilikubaliana na mteja: riba nayo imo ndani ya kifungu hicho.

Kifungu cha 44A cha sheria hiyohiyo, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaweka ukuta mwingine. Mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, riba ambayo benki inaweza kudai haizidi kiasi cha deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Aliyebakiza shilingi 200,000 hawezi kudaiwa riba ya 500,000 juu yake.

Na kadi je?

Wanaoagiza bidhaa Dubai au China wanazidi kukutana na kadi za benki. Kwanza tutofautishe. Kadi ya kulipia kabla inatumia pesa uliyokwisha kuiweka. Kadi ya mkopo inatumia pesa ya benki, na mkataba wake hauna tarehe ya mwisho kama mkopo wa mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo masharti yake hubadilishwa mara nyingi zaidi.

Marekani, ambako kadi hizi zimeenea sana, ilibidi Bunge liingilie. Sheria iliyosainiwa Mei 2009 inaitaka benki itoe notisi ya siku 45 kabla ya kubadilisha masharti makubwa. Zaidi ya hapo, riba mpya kwa kawaida inahusu manunuzi mapya tu. Deni la zamani linabaki kwenye riba ya zamani, isipokuwa kwa sababu chache kama mteja kuchelewa kulipa kwa zaidi ya siku 60. Lakini mfanyabiashara asome vizuri: ulinzi huo ni wa kadi za matumizi ya nyumbani. Kadi ya biashara haimo.

Kabla ya kuvuka tena

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefungua mipaka kwa bidhaa, na Kongo iliingia mwaka 2022, lakini mkopo unafuata sheria ya nchi iliyotajwa kwenye mkataba. Kabla ya kusaini, uliza mambo manne, usomewe kwa lugha unayoielewa: Riba hii imefungwa au inabadilika? Ikibadilika, nitaarifiwa siku ngapi kabla, na kwa maandishi? Itagusa deni la zamani au la mpya tu? Nisipokubali, ninaweza kulipa lote na kuondoka bila faini?

Omba nakala ya mkataba siku ileile. Ukipata ujumbe wa kupandisha riba, usinyamaze: andika barua ya kupinga, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Endelea kulipa riba ya awali kwa tarehe zake, utunze risiti, ili asije akasema wewe ndiye uliyevunja mkataba. Ikishindikana, Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ndiyo msimamizi wa mabenki na taasisi ndogo za fedha. Na baada yake kuna mahakama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama wa vitenge ana daftari la wateja wake wa Uvira, jina kwa jina. Karatasi ya mkopo nayo iwekwe humohumo.