Mwana wa Arobaini Naye Hujifunza

Hapa kwetu pwani, mzazi huwekwa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, akalishwa uji wa pilipili manga, ili nguvu zimrudie. Desturi hii ni njema wala sina nia ya kuitia ila. Lakini katika nyumba nyingi niingiapo kutoa hongera, humkuta mwana amefungwa leso gubigubi, kalazwa upande wa ukutani, na atakaye kumchezesha huambiwa: “Mwache, huyo bado haoni.”

Neno hilo si kweli. Mtoto huona tangu siku anayozaliwa, ila haoni mbali. Kinachomdhihirikia ni kile kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, kiasi cha kutoka ziwa la mama hadi usoni pake. Mwaka 1963, mtaalamu wa Kimarekani, Robert Fantz, alionyesha kwamba watoto wasiozidi siku tano hutazama picha ya uso, na hata kipande cha gazeti, kwa muda mrefu kuliko rangi tupu.

Basi kina mama wenzangu, kichezeo cha kwanza cha mwana ni uso wako. Cha pili ni leso ya kisutu, yenye weusi, weupe na wekundu wake. Hapana haja ya kwenda dukani. Mpakate akiwa macho na ametulia, msogelee, umsemeshe. Akishakukazia macho, peleka uso wako polepole kulia, kisha kushoto. Mwanzoni atakupoteza njiani, usimharakishe. Siku nyingine fanya vivyo hivyo kwa pindo la kisutu.

Shingo nayo hutaka kazi. Egemea mito, umlaze kifudifudi kifuani mwako, kisha umwite. Atainua kichwa kitambo kidogo tu, akilaze tena. Dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku, zatosha kuanzia, ila si punde baada ya kunyonya. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto asiyeanza kutambaa apate jumla ya dakika 30 kwa siku za kulala hivyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na mwenye kuangaliwa. Usingizini alazwe chali. Tangu madaktari wa watoto wa Marekani waliposhauri mwaka 1992 mtoto asilazwe kifudifudi usingizini, vifo vya ghafla vya wachanga vilipungua sana nchini humo.

Michezo hii ina faida nyingine: humfunulia mama kasoro mapema. Mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso kwa macho, au wa miezi minne ambaye shingo haijakaza, apelekwe kliniki. Ukiona weupe ndani ya mboni, usingoje hata arobaini iishe. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni saratani, na yote mawili hutaka kuwahiwa.

Nanyi kina baba, msijitenge. Aliyemwadhinia mwanawe sikioni siku ya kwanza amekwisha kumpa sauti yake. Sasa na ampe na uso wake.