Lenzi ya macho na vumbi la karieri

Dereva mumoja wa kamio kubwa kule Kolwezi alichoka na miwani: kofia ya kazi inaisukuma, jasho inaifunika. Akanunua lenzi za kuvala ndani ya macho, zile tunaita lantiye. Siku moja vumbi likaingia chini ya lenzi. Akaitoa, akaisukula na maji ya robine, akairudisha. «Maji ni safi, kuna mubaya gani?» Nyuma ya siku tatu jicho lilikuwa jekundu, hawezi hata kutazama taa.

Mubaya ni huu. Kile kioo cha mbele ya jicho hakina mishipa ya damu. Kinapumua hewa ya inje. Lenzi za zamani, za plastiki ngumu, zilizuia hewa hiyo. Katika mwaka 1961, Otto Wichterle wa Chekoslovakia alitengeneza lenzi laini, yenye kunywa maji, na mashine aliyounga nyumbani kwa vyuma vya mchezo wa watoto. Leo kuna zenye silikoni, zinapitisha hewa zaidi. Lakini kitu chenye kunywa maji kinakunywa na uchafu. Ndani ya maji ya robine, ya kisima ao ya mto muko tududu tusioonekana, tunaweza kula jicho mupaka upofu. Mate vilevile, hapana.

Tena, macho hayalingani. Munganga wa macho anapima mviringo wa jicho: lenzi yenye kukaza inanyima jicho hewa, yenye kulegea inalikwaruza. Basi wamama na mabinti, lenzi za rangi za soko, ama za kuazimana siku ya ndoa, tuziache.

Kwa mufanyakazi wa mugodi:

– Lenzi haikingi vumbi wala jiwe. Miwani ya kazi ivaliwe yulu yake.
– Nawa mikono na sabuni, kausha, njo uguse lenzi. Isukule na dawa yake tu.
– Usilale nayo, hata kama umetoka posti ya usiku.
– Asidi ao chokaa ikiruka ndani ya jicho, hapo maji njo dawa: sukula palepale na maji mingi, lenzi itolewe maji yakiendelea kupita.

Jicho likiuma ao likiwa jekundu, toa lenzi, usingoje mushahara. Kwenda kwa munganga, na umupelekee lenzi pamoja na kisanduku chake, apime uchafu wenye kuwa ndani.