Kwa nini 'Kuba' alikubali kucheza kwa mshahara wa dola 130?

Mwanzoni mwa 2019, kiungo wa pembeni wa Poland, Jakub Błaszczykowski, alisaini mkataba ambao wakala yeyote angeuchana. Mshahara wake: zloti 500 kwa mwezi. Kwa kiwango cha wakati ule ni kama dola 130, au laki tatu hivi za Kitanzania.

Kima cha chini cha mshahara Poland mwaka huo kilikuwa zloti 2,250 kabla ya makato. Yaani kwenye karatasi, hata mfagiaji wa uwanja alikuwa anamzidi. Na hizo 500 zenyewe hakuzitia mfukoni, zilikuwa za kununulia tiketi za mechi watoto wanaoishi kwenye vituo vya yatima.

Huyu hakuwa mchezaji aliyekosa timu. Alikuwa na miaka 33, mechi zaidi ya 100 za timu ya taifa, mataji 2 ya Bundesliga na fainali ya Champions League. Sasa ilikuwaje?

Kuba yupi huyo?

Kama uliangalia Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp, unamjua hata kama jina lake limekushinda kutamka. Jezi namba 16, mgongoni imeandikwa "Kuba". Si kile kisiwa cha Fidel Castro. Ni ufupisho wa Jakub kwa Kipoland, na ukiangalia urefu wa jina la ukoo utaelewa kwa nini alichagua hilo.

Alitua Dortmund 2007, mwaka mmoja kabla ya Klopp. Timu ile ilikuwa ikipoteza mpira inaukimbilia palepale kuunyang'anya, na mfumo wa namna hiyo unahitaji winga asiyechoka kurudi nyuma. Upande wa kulia Kuba alicheza mbele ya Łukasz Piszczek, Mpoland mwenzake. Mmoja akipanda, mwingine anaziba. Mbele yao alikuwa Mpoland wa tatu, Robert Lewandowski.

Dortmund ikabeba Bundesliga 2011 na 2012, na mwaka huo wa pili ikaongeza Kombe la Ujerumani kwa kuipiga Bayern Munich 5-2 kwenye fainali. Mwaka 2013 Bayern wakalipiza Wembley, 2-1, kwenye fainali ya Champions League. Lewandowski ndiye aliyeondoka na umaarufu mkubwa kati ya watatu hao, na haki yake, mabao yanaonekana. Kazi ya Kuba ilikuwa ya kuonekana siku ambayo hayupo.

Nyuma ya hapo kuna msiba

Kuba alizaliwa Desemba 1985 na kukulia kijiji cha Truskolasy, karibu na mji wa Częstochowa. Mwaka 1996, akiwa na miaka 10, alimshuhudia baba yake akimuua mama yake, Anna, kwa kisu. Baba alifungwa miaka 15. Kuba na kaka yake wakalelewa na bibi yao, Felicja.

Mpira akauacha. Aliyemrudisha uwanjani ni mjomba wake, Jerzy Brzęczek, nahodha wa Poland iliyochukua medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Ukimwona Kuba amefunga halafu ananyanyua macho juu, ni kwa ajili ya mama.

Mei 2012, wiki chache kabla ya Euro ambayo Poland iliandaa pamoja na Ukraine, baba yake alifariki. Kuba alikwenda kumzika, kisha akaungana na wenzake kambini akiwa nahodha wa taifa. Juni 12, Warsaw, Poland ilikuwa nyuma 1-0 dhidi ya Urusi. Dakika ya 57 akaingia ndani kutokea kulia na kuachia shuti la mguu wa kushoto. 1-1. Poland haikuvuka makundi, lakini muulize Mpoland yeyote kuhusu mashindano yale, atakutajia bao hilo kwanza.

Deni lake kwa Wisła Kraków

Hapa ndipo stori ya zloti 500 inapoanzia. Februari 2005 Kuba alikuwa kijana wa miaka 19 kutoka KS Częstochowa, timu ya madaraja ya chini. Kwa msaada wa mjomba akapewa majaribio Wisła, moja ya klabu kubwa kabisa za Poland, iliyoanzishwa 1906 na kuchukua ubingwa mara 13. Akafuzu, na miezi michache baadaye akawa bingwa wa nchi. Baada ya miaka miwili na nusu, Ujerumani.

Kwa hiyo Wisła ndiyo iliyomtoa vumbini. Kufikia mwisho wa 2018 ilikuwa yenyewe inazama: madeni ya mamilioni ya zloti, wachezaji hawajalipwa kwa miezi, na genge la mashabiki wahuni limeshika mambo ndani ya klabu. Desemba wakajitokeza wawekezaji kutoka nje wakiahidi zloti milioni 12. Tarehe ya malipo ikafika, hela haikuingia. Mtu aliyetajwa kuwa na fedha hizo akawa hapatikani kwenye simu.

Januari 2019 shirikisho la soka la Poland likasimamisha leseni ya klabu.

Kwa klabu ya namna hii, hatari ya kwanza ni kubaki bila wachezaji. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kutoa notisi ya siku 15, na asipolipwa ndani ya muda huo anavunja mkataba na kuondoka bure. Klabu inapoteza mtu, na inapoteza hela ambayo ingepata kwa kumuuza. Baadhi ya wachezaji wa Wisła walikuwa wameshaanza kuondoka.

Ndipo Kuba na wafanyabiashara wawili, Jarosław Królewski na Tomasz Jażdżyński, wakaikopesha klabu zloti milioni 4, kila mmoja theluthi. Mishahara ikaanza kulipwa, leseni ikarudi, timu ikamaliza msimu. Kuba akavunja mkataba wake Wolfsburg, akarudi nyumbani na kusaini ule mkataba wa zloti 500.

Angalia hesabu ilivyo: aliikopesha klabu zaidi ya milioni 1.3, halafu klabu ikamlipa yeye 500 kwa mwezi. Kwa maoni yangu ni vigumu kupata mfano mwingine Ulaya wa mchezaji ambaye bado yuko uwanjani akifanya hivyo.

Haikuwa filamu

Mwaka 2020 watatu hao wakawa wamiliki rasmi, Kuba akiwa mmiliki na mchezaji kwa wakati mmoja. Ila mwili ulishachoka. Goti lilishakatika Januari 2014, na katika kipindi kile cha kupona unahodha wa taifa ukahamia kwa Lewandowski. Alirudi vizuri: Euro 2016 alifunga dhidi ya Ukraine na Uswisi, kisha penalti yake ikadakwa na Rui Patrício kwenye robo fainali, na Ureno ikaenda mpaka kutwaa kombe. Mechi yake ya 100 ilikuwa dhidi ya Senegal, Kombe la Dunia 2018. Akatolewa mapumziko, Senegal ikashinda 2-1.

Hata mjomba akawa tatizo. Brzęczek alipopewa timu ya taifa 2018 na kumwita Kuba ambaye hakuwa anacheza Wolfsburg, watu wakasema ni undugu tu. Sio maneno ya kupuuza, mchezaji mwingine asiyecheza klabuni asingeitwa.

Na 2022, Brzęczek huyohuyo akiwa kocha wa Wisła, klabu ikashuka daraja kwa mara ya kwanza tangu iliporudi ligi kuu 1996. Kuba alikuwa majeruhi, anaangalia tu.

Juni 16, 2023 Warsaw ilimuaga dhidi ya Ujerumani. Alianza, akacheza dakika 16 kama namba yake ya jezi, kisha wachezaji wa timu zote mbili wakajipanga mistari miwili akapita katikati. Ilikuwa mechi ya 109, akiwa na mabao 21. Poland ilishinda 1-0.

Mei 2, 2024 Wisła, bado ikiwa daraja la pili, ilicheza fainali ya Kombe la Poland dhidi ya Pogoń Szczecin. Ilisawazisha dakika za majeruhi, ikashinda 2-1 kwenye muda wa ziada na kukata tiketi ya kucheza Ulaya, miaka mitano baada ya kukaa bila leseni.