Anayebeba Bomba Ndiye Afunzwe

Mafunzo mazuri ya viuatilifu huanza bila tone la dawa. Mkufunzi hujaza maji safi kwenye bomba la mgongoni, humpa mkulima alibebe, kisha humwambia apulizie mistari michache ya nyanya. Akilitua, wenzake humkagua shati. Kama mpira wa mfuniko umechakaa, mgongo umelowa na maji yameteremka hadi kwenye nyonga.

Wengi hufunga kitambaa puani, lakini hupiga dawa wakiwa na kandambili. Kumbe shambani mlango mkubwa wa sumu ni ngozi. Watafiti wa Marekani waliopima ufyonzwaji wa kiuatilifu cha parathioni mwaka 1971 waliona kwamba mkono ulipitisha takriban asilimia 9, paji la uso asilimia 36, na ngozi ya korodani karibu yote. Bomba linalovuja humwaga dawa huko huko.

Hatari huzidi wakati wa kuchanganya, kwa kuwa dawa bado haijazimuliwa. Hapo glavu, aproni na buti za mpira ni za lazima. Nozeli ikiziba husafishwa kwa maji na brashi laini, kamwe si kwa kupuliza kwa mdomo. Chupa tupu husuuzwa mara 3, maji yake yakarudishwa kwenye bomba, kisha hutobolewa isije ikawekwa mafuta ya kula.

Lebo nayo ina somo lake. Utepe mwekundu ni sumu kali sana, ukifuatiwa na njano, bluu na kijani. Hata ya kijani hailiwi wala haiogwi. Humo pia zimeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ambazo humlinda mlaji.

Kenya wapo vijana waliofunzwa kupulizia mashamba ya wenzao kwa malipo. Tanzania, usimamizi wa viuatilifu uko mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kurithi kazi za taasisi ya utafiti wa viuatilifu, TPRI, ya Arusha. Popote pale, mafunzo yasiishie kwa mwenye shamba na muuza pembejeo. Kibarua anayelibeba bomba ndiye wa kukaa mbele.

Naye ajue kwamba maziwa hayaondoi sumu mwilini. Mtu akitokwa mate na jasho jingi, mboni zikasinyaa na pumzi ikabana, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, akimbizwe hospitali pamoja na lebo ya dawa, ili daktari ajue anatibu sumu gani.