Keki Yenye Tunda Ndani

Mjini Babati, kama kwingineko nchini, keki ya sherehe mara nyingi huandaliwa jioni na kuliwa siku ya pili. Ikiwa ndani yake mmepakwa jamu, hapana hofu kubwa. Ikiwa mmetiwa papai bivu au ndizi, usiku huo mmoja watosha kuleta madhara.

Tofauti hiyo hutokana na maji na tindikali. Sukari nyingi iliyomo katika jamu huyashika maji hata vijidudu vikakosa ya kutumia. (Jamu nyepesi, iliyochemshwa kwa haraka, isihesabiwe hapa.) Tunda lisilopikwa huyaachilia maji yake, yakailowesha keki, na bakteria waliotoka mikononi mwa mpishi hustawi humo. Pasheni hujilinda kiasi, kwa kuwa pH yake ni karibu na 3. Papai lililoiva hupita 5, ilhali bakteria wengi wa hatari hawastawi vema chini ya 4.6.

Mji huo umeinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu aweza kudhani kuwa baridi ya usiku yatosha. Haitoshi. Keki hiyo hutakiwa kukaa katika jokofu lisilozidi nyuzi 5 za Sentigredi, na umeme ukikatika lisifunguliwe: baridi yake hudumu saa zipatazo 4. Kuinusa keki si kipimo, kwani sumu ya stafilokoko haina harufu, wala haiondoki kwa kupashwa moto. Lililo jepesi ni kuoka jioni, na tunda kulitia asubuhi ya sherehe.